Mawe ya Kusini niliyoyakuta kwenye mafaili

Mtu aliyekulia Lindi hahitaji kusimuliwa habari za mjusi, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwenye kilima chetu cha Tendaguru. Unazisikia utotoni, unazisikia barazani, na kampeni za uchaguzi zikikaribia unazisikia kwenye vipaza sauti: mjusi wetu yuko Berlin, atarudi lini? Habari yenyewe tuliyopokezana ni ya mstari mmoja. Wajerumani walikuja, wakachimba, wakachukua. Mstari huo ni wa kweli, ila ni mfupi mno. Urefu wake nimeupata mahali ambapo sikuwa nimekwenda kuutafuta, kwenye mafaili ya maji.

Kazi yangu ni visima. Kabla mtambo wa kuchoronga haujapakiwa kwenye lori kwenda kijijini, lazima awepo mtu wa kusema chini kuna nini: mchanga wa aina gani, udongo wa mfinyanzi unaanzia futi ngapi, maji yatakuwa baridi au ya chumvi. Vipimo vya umeme wa ardhini vinasaidia, lakini havishindi taarifa ya mtu aliyekwisha kuchoronga jirani na hapo. Na huku Kusini watu wamechoronga tangu zamani. Mradi wa karanga ulipoingia Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, ilibidi patafutwe maji ya maelfu ya wafanyakazi. Uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, mchanga wake hunywa mvua yote, maji yakaenda kutokea chini kabisa ya miteremko. Ndiyo maana kina mama wa kule walishuka genge na kulipanda tena na vyombo vya maji kichwani, vizazi na vizazi, hadi miaka ya 1950 ulipoanza mradi wa kuyasukuma maji juu. Kila kazi ya namna hiyo iliacha karatasi.

Na karatasi yenyewe haina makuu. Ile ninayoipenda kuliko zote ni kadi ngumu ya kisima kimoja cha kando ya mto Lukuledi, kubwa kama daftari la shule, kona moja imeliwa na mchwa. Juu kuna nambari ya kisima. Chini yake mistari kwa mashine ya chapa: udongo mwekundu, kisha mchanga wa njano mkavu, kisha udongo wa kijivu unaonata. Kila tabaka na futi zake. Halafu pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu mwingine kabisa: maji yana chumvi, wenyeji wamerudi mtoni. Ripoti rasmi ya mwaka ule, niliyoikuta kwenye faili jingine, inakihesabu kisima hicho miongoni mwa vilivyofanikiwa. Kwa mchorongaji kilifanikiwa kweli, maji si yalitoka? Penseli ndiyo iliyoniokoa nisipeleke mtambo mita chache kutoka pale pale.

Tangu hapo nina tabia ya kusoma faili kuanzia chini: kwanza yaliyoandikwa kwa mkono, kisha orodha na risiti, kisha vibandiko vya sampuli, na ripoti iliyosainiwa na mkubwa naiacha mwisho. Wenzangu hunicheka kwamba nasoma Kiarabu.

Lakini karatasi hizi zinaisha. Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyotaka nafasi ya kuweka kompyuta, ikafungasha makabrasha ya zamani kwenye viroba na kuyatoa nje. Nilikuja kuyajua habari zake stendi, nilipouziwa karanga kwenye koni ya karatasi yenye safu ya futi na safu ya rangi za mchanga.

“Shikamoo mama. Karatasi hizi umezipata wapi?”

“Marahaba mwanangu. Si za ofisini hizo? Wamezitupa, tumeokota.”

“Zimebaki nyingi?”

“Nusu kiroba. Unataka karanga au unataka karatasi?”

Nilitaka vyote. Akanipa kiroba, akanidai bei ya karanga ambazo angezifunga kwa karatasi zile, na sikuona sababu ya kubishana naye. Humo mlikuwa na visima vya Nyangao na Mingoyo ambavyo nilikuwa nimevitafuta mpaka Dodoma.

Dodoma ndiko iliko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, mrithi wa idara ya upimaji wa jiolojia ambayo Waingereza waliianzisha Tanganyika miaka ya 1920. Pale kuna ramani, ripoti za wapimaji, na mawe yenyewe. Dar es Salaam, Upanga, ndiko yaliko majalada ya utawala, ya Kijerumani na ya Kiingereza. Haya ya Kijerumani yana mkasa wao: baadhi yalifukiwa ardhini Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili yasiangukie mikononi mwa adui, yakafukuliwa baada ya vita. Mtu wa jiolojia hawezi kusikia hivyo asitabasamu. Kwenye chumba cha kusomea unaingia na barua ya utambulisho, penseli na subira. Kalamu ya wino inabaki mlangoni. Mengine siku hizi yanasomeka mtandaoni bila nauli. Ripoti za kwanza za Tendaguru zilizochapwa mwaka 1914 zipo, ukiweza kuvumilia Kijerumani cha enzi hizo. Mimi sikiwezi. Nilianza na michoro na majedwali, jiwe lina lugha moja, kisha nikamwomba padri mmoja mstaafu anisomee yaliyobaki. Alisoma huku akicheka, maana waandishi wale walilalamikia joto la Lindi kama mapadri wenzake wa zamani.

Humo ndimo nilimokutana na ukoo mrefu wa watu waliotaka kujua chini ya Kusini kuna nini. Aliyenivutia kuliko wote ni Joseph Thomson, Mskoti. Mwaka 1881 Seyyid Barghash wa Unguja alimtuma aende bonde la Ruvuma kuangalia makaa ya mawe ambayo habari zake zilikuwa zimemfikia. Fikiria Sultani mwenye meli za mvuke akiambiwa kwamba kuna makaa ndani ya himaya yake. Thomson alitembea kutoka pwani hadi huko, akayaona mawe meusi, na akarudi na jibu ambalo hakuna bosi anayelipenda: si makaa ya maana. Sultani hakufurahi. Lakini jibu lile, pamoja na maelezo ya njia aliyopita, ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya mtu wa jiolojia kuhusu nchi ya bara ya Mtwara.

Ripoti za “hakuna” hazipewi heshima yake. Mwaka 1982 kampuni ya Kiitalia, AGIP, ilichoronga Mnazi Bay, kule Msimbati, ikitafuta mafuta. Ikapata gesi. Wakati ule gesi ya mbali namna ile haikuwa na mnunuzi, kama ambavyo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, nayo ilikaa miaka 30 kabla ya kufika Dar es Salaam. Kisima cha Mnazi Bay kikafungwa, makaratasi yakawekwa. Mwaka 2005 kampuni nyingine ilikifungua upya kisima kile kile. Haikuwa imeota ndoto. Ilisoma taarifa za waliotangulia. Vijana wa Mtwara wanaoona leo bomba la gesi likienda Dar es Salaam wajue kwamba katikati kuna miaka zaidi ya 20 ambayo utajiri ule ulikuwa salama ndani ya kabati, kwa sababu kuna mtunza nyaraka ambaye hakuyauza makaratasi yake kwa muuza karanga.

Turudi kwa mjusi. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler, wa kampuni iliyokuwa ikitafuta madini Lindi, aliripoti mifupa mikubwa kwenye kilima cha Tendaguru. Mwaka uliofuata Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, akaja kujionea. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Berlin likawaleta Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Ziangalie tarehe hizo ukijua habari za nyumbani. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na moshi wake ulikuwa haujatawanyika 1907. Wamwera walipigana, na baada ya vita ikaja njaa. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa fedha taslimu. Watu karibu 500 waliokuwa kwenye mashimo ya Tendaguru kazi iliposhamiri, wengi wakiwa na familia zao, walitoka kwenye nchi hiyo iliyoungua. Ripoti za kitaalamu zinasema wafanyakazi walikuwa wengi na hodari. Hazisemi walikuwa wanakimbia nini.

Hapo ndipo tabia yangu ya kusoma kutoka chini iliponisaidia. Mifupa haikubebwa na sayansi. Ilifunikwa kwa udongo na nyasi, ikafungwa ndani ya fito za mianzi kama ngoma, ikawekwa mabegani na vichwani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mzigo wa mpagazi zama hizo ulikuwa kama kilo 30. Vilivyofika Ujerumani vilizidi tani 200. Piga hesabu mwenyewe ni mabega mangapi. Kila mzigo ulihitaji nambari, na kila shimo lilipewa herufi: S, G, m, na kadhalika, ili mfupa ukifika Berlin ijulikane ulitoka wapi. Herufi hizo ndizo zinazofanya mifupa ile iwe elimu badala ya kuni. Na zilishughulikiwa na wasimamizi Waafrika, wanyapara kama walivyoitwa, ambao waliachiwa mashimo wiki nzima bila mzungu.

Boheti bin Amrani ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alitambua mifupa, alifundisha wengine namna ya kuitoa bila kuivunja, na aliaminiwa kusimamia kazi. Jina lake limo kwenye karatasi za wakati ule na sura yake imo kwenye picha. Hata hivyo miaka karibu 100 ilipita ndipo mnyama mmoja akapewa jina kwa heshima yake, *Australodocus bohetii*, mwaka 2007. Mwaka 2019 akafuata *Wamweracaudia keranjei*, jina lenye Wamwera ndani yake pamoja na Mohammadi Keranje, aliyesimamia kuchimbwa kwa mkia wa mnyama huyo katika shimo la herufi G. Hebu ona: mfupa ulikuwa Berlin muda wote, umesomwa, umechapwa, umepewa jina jingine. Kilichorudisha jina la Keranje ni maandishi ya uwanjani yaliyohifadhiwa. Kama karatasi zingeungua, angebaki kuwa “mwenyeji mmoja”.

Na nusura ziungue. Vita vya pili mabomu yaliangukia jumba lile la Berlin, upande mmoja ukabomoka, mifupa mingine ikapotea. Yale mafungu ya mianzi hayakuisha kufunguliwa. Yapo ambayo hadi miaka ya karibuni yalikuwa bado yamefungwa kama yalivyotoka Lindi, watafiti wakayapitisha kwenye mashine za kupigia picha za ndani. Ndani ya fito zilizokatwa huku kwetu kuna mnyama ambaye hakuna aliyemwona tangu siku mnyapara alipokaza kamba.

Herufi zile za mashimo zina jambo jingine, ambalo huwa nawachokoza nalo ndugu zangu wanaodai mjusi arudi. Huyu anayesimama Berlin kwa zaidi ya mita 13, *Giraffatitan brancai*, si mjusi mmoja. Sehemu kubwa ni ya shimo S, mnyama wa pili, na sehemu zilizokosekana zimejazwa kwa mifupa ya mashimo mengine na kwa vielelezo vya kuigiza. Alisimamishwa 1937, na ndani ya jumba hilo hilo wamo wenzake: *Kentrosaurus* mwenye miiba mgongoni, *Dicraeosaurus*, *Elaphrosaurus*. Kwa hiyo anayesema “mjusi wetu” aelewe kwamba anadai ukoo mzima, pamoja na katalogi yake. Msimamo wangu ni kwamba nakala za katalogi, picha na shajara za uwanjani zije Lindi kwanza, hata kesho, kwa sababu hizo hazihitaji jumba refu la mita 15 wala kibali cha mabunge mawili. Mifupa tuendelee kuidai huku tukisoma.

Nilikwenda Tendaguru na nakala ya ramani ya zamani kwenye simu, nikitokea upande wa Mipingo. Ramani ile ilinipa majina ya vijiji ambavyo havipo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wa huku, jina likahama nao au likafa. Ukifuata jina unafika mahali ambapo mpimaji wa kale hakukanyaga. Mzee mmoja aliyekubali kunisindikiza aliitazama ramani, akanirudishia simu.

“Mjukuu wangu, usitafute kijiji. Tafuta miembe.”

Palipokuwa na watu pana mwembe. Ndiyo njia yao ya kuyajua mahame, na ni sahihi kuliko majira ya nukta niliyokuwa nimeyanakili. Tulikwenda mwembe hadi mwembe, tukiuliza mto uliokauka ulipita wapi, na mara ramani ikaanza kukubaliana na nchi. Mzee alijua pia jambo ambalo ripoti zinalitaja kwa kulalamika tu: maji ya kambi yalitoka mbali, na pale kilimani hakuna. Alilijua kutoka kwa babu yake, aliyesimulia kuhusu kuteka maji kuliko kuhusu mifupa. Mimi mtu wa visima nilimwelewa sana babu yule.

Kuhusu mawe yenyewe, pale unayaona bila kuchimba sana. Matabaka yenye mijusi ni matatu, udongo laini wa kijivu na mwekundu, na katikati yake yanapita matabaka ya mchanga mgumu wenye kombe za baharini. Niliokota kipande kimoja kikubwa kama ngumi, kimejaa magamba yenye mbavu nene, aina iitwayo *Trigonia*. Ukipitisha ukucha juu ya zile mbavu unasikia kwaruza, kama umelitoa kombe ufukweni Mchinga asubuhi ile. Umri wake ni miaka karibu milioni 150. Maana yake bahari ilisogea ikarudi, ikasogea ikarudi, na mijusi iliishi kandokando yake, kwenye ufuko wa zama ambazo Bahari ya Hindi ilikuwa ndiyo kwanza inafunguka. Janensch na wenzake walilisoma hilo kwa kupanga matabaka juu ya karatasi. Kipande nilikirudisha pale pale. Sheria ndivyo inavyotaka, na mzee alikuwa ananiangalia.

Waingereza nao walikuja, 1924 hadi 1931. Hawa hawana sifa kubwa, na nadhani ni kwa sababu ya makaratasi. Kiongozi wa kwanza, William Cutler, alifika pamoja na kijana Louis Leakey, ambaye alikulia Kenya na alijua Kiswahili. Leakey akaondoka, na Cutler akafa kwa malaria mwaka 1925. Waliomfuata, akiwemo Frederick Migeod, walipeleka London shehena kubwa, lakini kumbukumbu zao hazikufikia zile za Wajerumani, fedha zikapungua, na mingi ya mifupa yao ilikaa miaka mingi bila kuandikwa. Ardhi ilikuwa ile ile, na watu ni wale wale au watoto wao.

Kadi za kile kiroba sasa zimeingia kwenye kompyuta, isipokuwa chache za Nyangao ambazo mafuta ya karanga yamezifuta. Kila kisima nimekiwekea jina la zamani, jina la sasa, na alama ya mwembe kama upo. Nilipofika safu ya waliofanya kazi, haikuwa na cha kujaza: jina la fundi mkuu, basi. Nikaongeza safu hiyo kwenye fomu zetu wenyewe. Siku hizi kisima kikikamilika, vibarua wote wanaandika majina yao na kijiji walichotoka, na asiyejua kuandika anaandikiwa na mwenzake.

Bosi wangu aliiona, akauliza ni ya nini, mbona fomu ya wizara haina.

Nikamwambia iko nyuma ya karatasi, haiongezi ukurasa. Akasaini.